Mtoto Ndani ya Sanduku la Ngoma

Mama Redio alisema mwanamke wa chumba cha kona anamfungia mtoto wake ndani ya ngoma.

Aliyasema hayo bombani, asubuhi, ndoo yake ikiwa bado haijajaa, na kwa kuwa ua wetu mzima una bomba moja, hakuna aliyekosa habari.

"Nimeona kwa macho yangu haya," alisema. "Kitoto kimelazwa ndani ya lile sanduku jeusi la duara, kama mkate kwenye bati. Geuza shingo, rudisha shingo, sanduku lina kifuniko na wanaume wawili wanalipakia garini. Sasa niambieni, kinapumulia wapi?"

"Sanduku lilikuwa na nepi," nikamwambia. "Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, ndani ya koti la mvua."

"Ulikuwepo?"

"Mbeleko nilimfunga mimi."

"Basi wewe ni rafiki yake," akasema, na ushahidi wangu ukaishia hapo. Akabeba ndoo akaenda.

Jina la Mama Redio halikuwa tusi, mwenyewe aliliitikia. Alifanya kazi miaka mingi wodi ya wazazi, akipiga deki na kuwabeba watoto wachanga kuwapelekea mama zao. Tangu astaafu, na wanawe wakiwa wamekwenda kuishi mbali, kazi iliyombakia ni kukaa kwenye kigoda mlangoni na kujua nani katoka, nani karudi, na nani kapita nyuma ya vyoo akidhani haonekani.

Huyo mwanamke wa chumba cha kona sisi tulimwita Vijiti. Anapiga dramu kwenye bendi inayozunguka vyuoni. Vyuo vya ualimu, vya ufundi, vya uuguzi, popote wanafunzi walipo na ukumbi ulipo. Kazi hiyo hakuisomea. Alikuwa binti wa kukata tikiti mlangoni, na mpiga dramu wa zamani alikuwa na tabia ya kuchelewa, basi akawa anamshikia kiti, akipiga mpaka mwenyewe afike. Siku moja alikishikia mpaka onyesho likaisha, na mwenye kiti alipofika akakuta watu wanapanga viti vya ukumbi. Tangu siku hiyo kiti ni chake.

Nyumbani hana dramu. Amegongomelea kandambili mbili kuukuu kwenye ubao, anauweka magotini na kuzipiga kwa vijiti vyake, polepole, huku maharage yanachemka. Mwanangu alizoea kulala kwa sauti ile. Mwanawe yeye alizidi, maana aliisikia tangu tumboni. Yule mtoto halali kwenye kimya. Dramu zikilia analala, zikinyamaza anafumbua macho kuuliza kuna nini.

Lile sanduku nalijua kuliko Mama Redio, kwa sababu kitanda cha ndani nilikishona mimi. Nilichukua sponji la mto wa kiti kilichovunjika, nikalikata duara, nikalivika flana laini. Njiani ngoma kubwa, ile inayopigwa kwa mguu, inafungwa blanketi na kuwekwa nyuma ya gari. Sanduku lake linabaki chini ya miguu ya Vijiti bila kifuniko, na mtoto ndani. Wakifika chuoni, ngoma inapanda jukwaani, na sanduku na mtoto wake linakwenda chumba cha nyuma, mara nyingi stoo ya viti au jikoni kwa wapishi.

Hayo yote alinisimulia tukifua. Alinisimulia wanavyolala madarasani juu ya madawati yaliyounganishwa, kila mtu akichagua dawati ambalo halijachongwa majina. Katika kila chuo kuna mwanafunzi mmoja anayeitwa waziri wa burudani, amevaa tai ya kuazima, anawaahidi chakula na funguo za ukumbi, kisha haonekani mpaka bendi ianze kupiga. Wiki ya mitihani wanazijaza ngoma nguo ili mabweni yasilalamike, na Vijiti anasema ni kama kuongea umefunikwa mto mdomoni. "Lakini wakianza kugonga meza kunifuata," aliniambia, akikamua shati, "mwenzangu, hata nauli ya kurudi nasahau kama ipo."

Bendi ile ina desturi yake ya kupakia. Kila sanduku limeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Kabla ya gari kuondoka, dereva anasimama mlangoni na kuita: moja? Mtu anajibu, ndani. Mbili? Ndani. Walianza hivyo baada ya kusahau trampeti kwenye ngazi za chuo, na tangu hapo hawajapoteza hata waya. Sanduku la ngoma kubwa ni la nne.

Sasa safari iliyopita walisimama kituo cha mafuta. Mtoto alikuwa amecheua, Vijiti akashuka kwenda chooni kusuuza blauzi yake. Foleni ilikuwa ndefu. Dereva akamaliza kujaza, akasimama mlangoni, akaita.

"Nne?"

Mpiga besi akainama, akachungulia. "Ndani, na imelala."

Wakacheka, gari likaondoka. Vijiti alitoka chooni na blauzi mbichi mwilini, akaona mgongo wa gari unamalizikia mlimani. Simu yake ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa garini, na mtoto alikuwa garini.

Garini walikwenda mwendo mzuri tu mpaka mtoto alipoamka. Kiongozi wa bendi akampigia dashibodi kwa vidole, mtoto akatulia kidogo. Njaa ikamzidi, akalia tena. Dereva akaimba. Mwenye trampeti akaitoa, akapuliza, akaharibu kabisa. Ndipo mpiga besi akasema, "Jamani, si mumpe mama yake."

Wote wakageuza shingo kutazama kiti cha Vijiti huko nyuma.

Wakageuza na gari. Walirudi mbio hadi kituo cha mafuta, wasijue kwamba wamepishana na lori la matofali, na juu ya matofali amekaa Vijiti. Yeye hakungoja kufuatwa. Alijua chuo wanachokwenda, akasimamisha lori la kwanza lililoelekea huko. Kwa hiyo alifika kabla yao, akakaa kwenye ngazi za bwalo, nywele nyekundu kwa vumbi, kifua kimejaa maziwa mpaka kinauma. Waziri wa burudani akamwendea.

"Dada, bendi iko wapi?"

"Inanifuata," akamjibu.

Ilipofika, alimchukua mtoto, akaingia stoo ya viti, akanyonyesha upande huu na upande huu, wanafunzi wakiwa wanagonga meza kwa hasira. Kisha akambadilisha nepi, akamlaza kwenye sanduku, akampa mmoja wa wapishi amwangalie, akapanda jukwaani.

"Wimbo wa kwanza nilipiga kwa uchungu," aliniambia. "Wa pili nikakumbuka hii ni kazi yangu."

Nilidhani habari imekwisha. Kumbe siku tatu baadaye kiongozi wa bendi alikuja hapa uani, mtu mzima mpole, amevua kofia. Vijiti alimpa kiti nje, na mimi nilikuwa naanika nguo, kwa hiyo niliyasikia.

"Dada, sikufukuzi," alianza.

"Ila?"

"Ila mkuu wa chuo kaniuliza kama naendesha bendi au nalea watoto wachanga. Na siku ile tulikosea sisi, nakubali. Lakini safari ijayo ni wiki nzima, chuo hadi chuo. Tafuta mtu wa kuwa na mtoto garini na nyuma ya jukwaa. Ukimpata, mje wote."

"Nisipompata?"

Akaizungusha kofia mkononi. "Kuna kijana wa chuo cha ufundi ana mikono mizuri. Atakushikia kiti."

Vijiti akacheka kidogo, lakini si kwa furaha. "Kaka, mimi ndiye wa kuambiwa habari ya kushikiwa kiti?"

"Ndiyo maana nimekuja kukwambia mwenyewe," akasema.

Alipoondoka, Vijiti aliuchukua ubao wa kandambili akapiga mpaka jua likahama ukutani. Kumwacha mtoto haikuwezekana. Chupa alikuwa anaitazama kama askari anavyoitazama leseni ya kughushi, na kijiko alikitema. Mama yake Vijiti ni mgonjwa wa miguu. Baba wa mtoto anafanya kazi ya ujenzi nchi nyingine, anamlea kwa simu. Mimi ningekwenda, Mungu anajua, lakini nina wangu wa kunyonya, na mume wangu wakati ule alikuwa na mguu kwenye plasta, hata kikombe nampelekea kitandani.

"Sitoki kwenye kile kiti," Vijiti aliniambia. "Si kwamba nawachukia walioacha kazi kwa ajili ya watoto. Ila huyu nataka akikua anikute napiga, asije akasimuliwa kwamba mama alikuwaga anapiga."

Akampata binti wa shangazi yake. Binti mwenyewe mcheshi, alifika na begi lake siku mbili kabla ya safari, na mtoto akamkubali. Tukapumua. Asubuhi yake binti akachukua ndoo akaenda bombani. Aliporudi, ndoo ilikuwa nusu na uso umembadilika. Akaanza kukunja nguo zake.

"Vipi tena?" Vijiti akamuuliza.

"Dada, kulea mtoto naweza. Kumfungia kwenye ngoma siwezi. Mungu ataniuliza."

Tulimweleza. Nililileta sanduku, nikamwonyesha flana niliyoshona. Alielewa, naona alielewa, lakini alikuwa ameshampigia mama yake simu, na mama mtu huko aliko alikuwa ameshalia. Akaondoka na begi lake, akituaga kwa adabu.

Ua mzima ulijua neno limetoka wapi. Gari lilikuwa linaondoka kesho yake. Nilimtazama Vijiti nikingoja alie. Alikaa kitandani, mtoto kifuani, anatazama mlango wa Mama Redio ng'ambo ya ua, na Mama Redio yuko kwenye kigoda chake, anamtazama paka anayevuka.

"Hata paka akivuka tu, yule mama anajua," Vijiti akasema, taratibu, kama anaongea na mtoto.

Kisha akainuka. Akajifunga kibwebwe, akamlaza mtoto kwenye sanduku, akalibeba kwa mikono miwili, akavuka ua. Milango ikaanza kufunguka. Kila mwanamke alikumbuka ghafla kwamba ana maji ya kumwaga. Mimi nilimfuata nyuma, wangu ubavuni, kwa sababu nilijua moyo wake ulivyo siku ile na sikujua mikono yake ingefanya nini.

Akalitua sanduku mbele ya kigoda.

"Umekuja kunitukana," Mama Redio akasema, hakusogea. "Tukana. Nimetukanwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa, hutawafikia."

"Sijaja kutukana, Mama. Lishike."

"Nishike nini?"

"Sanduku. Ulilisema bila kulishika."

Mama Redio akanitazama mimi, akawatazama wenye mabeseni, akainama. Akalibonyeza sponji kwa ngumi. Akapitisha kidole kwenye mshono wangu wote wa pembeni, akitafuta pini, hakuipata. Akapapasa kuta za ndani. Mtoto akamtazama, akakunja uso kutaka kulia, na kabla hajalia yule mama alikuwa ameshamwinua, mkono mmoja shingoni, mwingine chini, bila hata kufikiri, kama mtu anayechukua kitu chake mwenyewe rafuni. Akamlaza begani. Akampigapiga mgongo. Mtoto akacheua hewa kwa sauti ya mtu mzima, na mwanamke mmoja nyuma yangu akacheka.

"Alikuwa na gesi huyu," Mama Redio akasema. "Mnambeba hamumcheuishi." Hakumrudisha. Alimnusa utosini, kidogo, akidhani hatuoni. "Kifuniko je?"

"Kifuniko kinafunika nepi. Akiwemo yeye hakiwekwi. Siku ile alikuwa mgongoni kwangu, ndani ya koti."

"Koti lile la kijani?"

"Hilohilo."

Nadhani alikuwa analirudia lile koti kichwani, jinsi lilivyotuna nyuma. "Nililiona," akasema. "Nikadhani umenenepa."

Hapo hata Vijiti alitabasamu, lakini hakulegea. Akachuchumaa mbele ya kigoda, usawa wa macho ya yule mama.

"Binti kaondoka, Mama."

"Nimemwona akitoka. Begi mkono wa kushoto, analia."

"Ndiyo. Na kesho asubuhi gari linaondoka, na nisipokuwa na mtu wa kumshika mtoto, kiti changu kinakwenda kwa mwingine. Ni wiki nzima. Kulala ni darasani, chakula ni cha wanafunzi, na yule dereva anaimba."

"Unaniambia ya nini?"

"Siku ile ya kituo cha mafuta, wanaume wazima wenye macho walihesabu masanduku yote, wasione kwamba mimi simo. Wewe ukikaa hapa, hata paka hapiti bila kujulikana." Akauweka mkono wake juu ya mgongo wa mtoto, karibu na mkono wa Mama Redio. "Twende wote. Mshike mwanangu nikiwa jukwaani. Na kila dereva anapotaka kuwasha gari, simama mlangoni, Mama, utuhesabu sisi."