Kanzu Yangu Ilipozunguka na Treni Sikukuu Pili

Nacheka sasa, lakini wallahi wiki nzima ile sikutia mguu barazani, na msikitini nilikuwa nachagua safu ya nyuma kabisa nipate kutoka kabla watu hawajaanza kupeana mikono, kwa sababu kila anayeniona ananiuliza jambo moja tu: "Kanzu ishapatikana?"

Basi sikilizeni. Mimi ni fundi, niliwahi kufanya kazi kwenye karakana ya reli huko bara, na nilipoacha nikarudi nyumbani Malindi, hapa Unguja, nikaunda treni ndogo ya kupandisha watoto kwenye kiwanja cha sikukuu (kwetu hatuna treni, kwa hiyo hata nikikosea nani atajua, ndivyo nilivyojidanganya). Treni yenyewe ya kisasa: injini ndogo ya dizeli inachaji betri nne, na betri ndizo zinazozungusha magurudumu, kama baadhi ya vichwa vikubwa vya treni vya siku hizi. Nilijivunia kuliko cheti changu cha ufundi.

Wakati huohuo nilikuwa nimepeleka posa kwa Ramla, na baba yake, Mzee Haji, akasema majibu atanipa sikukuu pili, akija na wajukuu wake kupanda treni. Yaani anataka kwanza amwone huyo mkwe anafanya kazi gani.

Sikukuu mosi, baada ya alasiri, akanijia Bi Rukia, mama yake Ramla. "Mwanangu, umeme umekatika, na mimi nna wageni wa harusi ya mpwa wangu wamejaa nyumbani kwa ndugu yangu wanatota jasho. Hebu niazime betri zako niwashe feni."

Niambieni nyinyi, mtu anayesubiri majibu ya posa anamkatalia mama mtu? Ningesema tu kwamba zina kazi kesho. Badala yake nikasema, "Chukua zote, Bi Rukia," na inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, nikampa, na nikambebea mwenyewe mpaka ndani ya ukumbi, natabasamu kama nshaoa.

Betri zilirudi asubuhi, tupu. Nikajiambia si kitu, injini itazichaji njiani.

Mzee Haji akaja na wajukuu watatu, kavaa koti na kofia yake nzuri, akakaa behewa la nyuma. Mimi nimevaa kanzu mpya nyeupe, na ndani yake bukta tu (joto lile, jamani, na nani angejua?). Nikasukuma mkono wa mwendo mbele, treni ikaenda hatua kumi, ikakohoa, ikasimama mbele ya bibi muuza embe za pilipili. Watu wakaanza kucheka. Nikashuka kusukuma, na injini nikaiacha inanguruma, na ule mkono nikauacha hukohuko mbele, kosa ambalo karakana tulikatazwa siku ya kwanza kabla hata ya kuonyeshwa choo.

Nikasukuma, wapi! Basi ili nisiaibike nikasimama nyuma ya behewa nikaanza kumsomesha mkwe: "Mzee, unajua, betri ndiyo moyo wa treni, inaweka nguvu kidogo kidogo, halafu…"

Halafu ikaondoka. Kumbe muda wote nnaohubiri injini inachaji! Pindo la kanzu likanasa kwenye ndoano ya nyuma, nikakimbia nayo robo ya kiwanja, mwisho ikabidi nichague baina ya kanzu na roho yangu, nikainama, nikatoa mikono, kanzu ikaenda zake. Mimi nikabaki na bukta ya buluu yenye picha za bata.

Reli ni ya duara, kwa hiyo kila baada ya dakika Mzee Haji ananipitia mbele.

"Kijana, vaa nguo!"

"Unazo wewe, mzee!"

Raundi ya pili nikajaribu kurukia mbele niizime, nikakosa, nikakalia beseni la embe (na pilipili ile ilikuwa kali). Watoto wanapiga makofi, "Tena! Tena!" Raundi ya tatu mzigo ukaishinda chaji, treni ikazimika yenyewe.

Mzee Haji akashuka, akanipa kanzu yangu imechanika mpaka mgongoni. "Betri zimekwishaje kabla ya safari?" Nyuma yake kasimama Bi Rukia, kajiziba mdomo kwa ushungi, macho yananiomba.

"Makosa yangu, mzee. Sikuzichaji."

Akanitazama, akachukua wajukuu wake, akaondoka. Nikaona Ramla ndiyo nshamkosa, na sitaficha, nilikaa ndani ya behewa nikalia, na bata wangu.

Baada ya magharibi simu ikalia. Mzee Haji.

"Posa tumeikubali. Mimi nilikuwa nishakataa, mama yake kashikilia, anasema kijana unajua kuhifadhi siri ya mtu. Siri gani, hataki kunambia. Ila siku ya nikaha, ndani ya kanzu uvae suruali."

Nikaapa palepale. Na si siku ya nikaha peke yake, nimeapa mpaka kaburini.