Kaburu wa Kijijini Kwetu

Maneno ya kuwatukana watawala wabaya tuliletewa na serikali yenyewe, kwa redio. Redio ilikaa juu ya kabati katika ofisi ya kijiji, na jioni mwenyekiti aliigeuza ielekee dirishani ili sisi tulioketi nje tusikie. Ndiko tulikojifunza bepari, kabaila, mnyonyaji, kupe, kibaraka, na lile lililokuwa zito kuliko yote, kaburu. Kila neno lilikuja na mwenyewe, na huyo mwenyewe alikaa mbali, Ulaya au Afrika Kusini huko. Hakuna hata mmoja aliyekaa upande wetu wa Mwimbi, huku Ufipa.

Nilikuwa nimeolewa karibuni. Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashamba ya zamani na kupangwa kando ya barabara, mlango ukitazama mlango, jambo ambalo mama mkwe wangu hakulisamehe mpaka anakufa. Alisema kule zamani alikohoa peke yake, na sasa akikohoa nyumba nne zinamwambia pole.

Mama mkwe aliyapenda yale maneno ya redio kuliko redio yenyewe. Kwa kuwa mabepari hawakuwa wakipita kwetu, aliyapa kazi nyumbani. Mume wangu akiulizia ugali kabla hajatua jembe, aliitwa kabaila. Paka aliyelala jikoni mchana kutwa alikuwa mnyonyaji. Hata padri, alipokawia kumaliza mahubiri Jumapili moja ya kiangazi, aliponea chupuchupu kuitwa mkoloni kanisani. Ila kaburu hakulitumia kwa mtu yeyote. Alisema hilo si la kuchezea, maana kaburu anamtoa mtu kwenye ardhi yake halafu anataka ashukuriwe.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtoto wa mdogo wake mama mkwe. Mama yake mzazi alipougua, mama mkwe ndiye aliyembeba mtoto mgongoni, akamlisha, akamfundisha kutembea. Alikua kijana mpole, mcheshi, mtu wa kuombwa msaada akaja. Kisha akapewa cheo, na cheo kikampa sauti ambayo hatukujua ilikuwa imekaa wapi siku zote hizo.

Ugomvi ulianza alipoletwa bwana shamba, mtu wa Mbeya, mwenye kamba ya kunyooshea mistari. Sisi Wafipa tulilima kwa vilima. Mvua zikikolea na nyasi zikiwa ndefu, tunakata udongo pamoja na nyasi zake na kuurundika, nyasi kwa ndani, zioze humo. Juu tunapanda maharage. Msimu unaofuata tunavunja kilima, tunatawanya ule udongo mweusi, tunapanda ulezi au mahindi. Bwana shamba alituambia hicho ni kilimo cha kizamani. Tuvisawazishe vilima vyote, tupande mahindi kwa mstari. Alikuwa na shahada yake na viatu vyake vizuri, na nadhani hajawahi kumuuliza mtu yeyote kwa nini.

Vilima vya mama mkwe vilikuwa tayari na maharage yaliyotoa maua. Vikivunjwa, mwaka ule hakuna maharage, na mwaka unaofuata hakuna ulezi. Si jambo la kueleza mara mbili kwa mtu aliyezaliwa Ufipa, na mwenyekiti alizaliwa Ufipa. Hata hivyo alikuja asubuhi na vijana wenye majembe.

Mama mkwe alipanda juu ya kilima cha kwanza akasimama katikati ya maua yake. Hakupaza sauti.

“Wewe ni kaburu,” alimwambia.

Vijana walishusha majembe. Kama angemwita nguruwe, mwenyekiti angecheka na kazi ingeendelea, lakini jioni zote tulizolisikia lile neno na yeye alikuwa akilisikia. Aligeuka akaondoka na vijana wake. Baada ya siku chache tukaambiwa kwamba mgeni anakuja kutoka wilayani, na kwamba mama atalifuta neno lake mbele ya mkutano. Asipolifuta, atapelekwa Sumbawanga akalale mahabusu, na vilima vitavunjwa hayupo.

Sasa lazima nieleze mikutano yetu. Kila jambo liliishia kwa “Wanaoafiki?”, na hapo mikono yote ilipanda. Wa kwanza ulikuwa wa mwenyekiti, kutuonyesha njia, kisha yetu. Tuliafiki shamba la kijiji, tuliafiki choo cha shule, tuliafiki kuwapongeza watu ambao hatukuwajua kwa mambo ambayo hatukuyasikia vizuri. Akina mama waliafiki huku wananyonyesha. Mzee aliyesinzia aliinuliwa kiwiko na jirani, akaafiki, akarudi usingizini. Wanaopinga hawakuwahi kuulizwa.

Mgeni alifika amechoshwa na barabara, na alitaka kurudi mjini kabla ya mvua. Mama mkwe alisimamishwa mbele. Mimi nilikaa na wanawake wenzangu nikimhofia, maana niliijua ile shingo yake ngumu.

“Mama, unalifuta neno lako?” mgeni aliuliza.

“Nikilifuta, vilima vyangu vitabaki?”

“Hilo silo tunalozungumza hapa.”

“Basi silifuti.”

Mgeni alicheka kidogo, cheko la mtu ambaye kwake mchezo umeshakwisha. Akatugeukia sisi.

“Ndugu wananchi, mmemsikia. Huyu mama anasema mwenyekiti wenu ni kaburu. Wanaoafiki?”

Mkono wa mwenyekiti ulipanda kwanza, kama kawaida. Kisha ikapanda yetu yote.

Nilimwona akiutazama mkono wake juu kule. Aliushusha polepole, akapitia kichwani kujikuna, kana kwamba alikuwa ameunyanyua kwa shughuli hiyo. Sisi hatukushusha. Siku zote mikono yetu ilianguka mara tu ilipopanda, tuwahi nyumbani. Siku ile ilibaki juu, na kila mmoja alitazama mbele bila kumtazama mwenzake. Mwanzo wake yalikuwa mazoea, siwezi kudanganya. Lakini mazoea hayamchoshi mtu bega, na mimi bega lilianza kuuma nami nikaendelea kunyoosha.

Mgeni hakuwa mjinga. Kijiji kizima hakienei kwenye gari moja. Alisema ameona kwamba hili ni jambo la kifamilia, ndugu wakalimalize nyumbani, akapanda gari lake akaenda zake.

Jioni mwenyekiti alikuja kwetu, akaketi kwenye kigoda. Mama mkwe alimtilia pombe ya ulezi kwenye kata bila kuombwa.

“Mama mkubwa, umenivua nguo mbele za watu.”

“Umejivua mwenyewe. Mkono ulikuwa wako.”

Alitabasamu bila furaha, akanigeukia mimi. Tulikuwa watani wakubwa. Yeye aliniita mke wake wa pili, mimi nilimwambia siolewi na mtu mwenye miguu ya kuku.

“Shemeji, na wewe ulinyoosha?”

“Nilinyoosha.”

“Kwa mazoea tu.”

Alikuwa ananiomba utani, na utani nilikuwa nao tayari mdomoni. Lakini nilikumbuka yale majembe juu ya maua, na hasira ikanipanda upya.

“Mwanzo kwa mazoea,” nilimjibu. “Baadaye nilijua ninanyooshea nini.”

Alitua kata chini, pombe ikiwa bado imejaa. Akasimama, akasema tuvune maharage kwanza, mengine yatazungumzwa, akaondoka bila kuaga vizuri.

Mama mkwe aliirudisha ile pombe kwenye chungu. Nilidhani atanisifu.

“Ungemwambia ni mazoea,” alisema. “Yule ni mwanangu.”

“Mama, si wewe uliyemwita kaburu?”

“Mimi nilimwita ili aache. Wewe umemwambia kwamba ndivyo alivyo.”

Sikumwomba radhi mtu, maana niliona nimesema kweli na mpaka leo naona hivyo. Maharage tuliyavuna yote, na vilima havikuguswa. Mwenyekiti aliendelea kunisalimia kila tulipokutana njiani, akaniulizia mume na watoto, kwa heshima. Kunitania hakunitania tena.