Mshenga Aliyetelekeza Mapacha

Bi Asnakech aliuza siagi katika soko la Debre Birhan, na alikuwa mcha Mungu. Jumatano na Ijumaa hakugusa nyama, wala maziwa, wala siagi yake mwenyewe aliyoshinda akiipima kutwa nzima. Kumsema Kassa, hata hivyo, kanisa halikukataza. Kwa hiyo alimsema kila siku ya wiki, na wakati wa mfungo mkubwa alimsema zaidi, maana siagi ilikosa wanunuzi na mdomo ukapata nafasi.

Kassa hakuwa jirani yake wala ndugu yake. Alikuwa dereva wa lori katika tamthilia ya televisheni iitwayo Ua Moja, inayohusu kaya tano zinazoishi kuzunguka ua mmoja na kugombania bomba moja la maji. Msimu wa kwanza alimwacha mkewe Emebet na mapacha wachanga, akahamia kwa mwanamke mwenye hoteli. Msimu wa pili alirudi kuchukua redio. Redio, si mapacha. Mji mzima uliona. Nimeishi katika mji huu zaidi ya nusu ya umri wangu, na sijaona jambo lililowaunganisha watu wake namna ile. Walioshindwa kukubaliana kuhusu mtaro wa maji machafu unaopita mbele ya milango yao walikubaliana siku hiyohiyo kuhusu ile redio.

Jumapili alasiri chumba cha Bi Asnakech kilijaa mpaka kizingitini. Kahawa yetu hunywewa kwa duru tatu, naye alikuwa amezipanga zifuate kipindi: ya kwanza kwenye wimbo wa kufungulia, ya pili kwenye matangazo ya sabuni, ya tatu, ambayo ndiyo ya baraka, baada ya mwisho. Kuzungumza kuliruhusiwa kwenye matangazo tu. Watu ambao kanisani hunong'onezana tangu sala ya kwanza hadi ya mwisho walikaa pale kimya, wamekunja mikono, wakisubiri kujua kama fundi cherehani Sirak atamwambia askari polisi Almaz kwamba anampenda. Misimu miwili Sirak alikuwa akimshonea Almaz sare, na kwa hesabu ya wanawake wa mtaani alikuwa amempima mabega zaidi ya inavyohitaji jeshi zima. Hakusema neno. Almaz naye hakusema neno, ila vifungo vya sare yake vilikatika mno kwa mtu anayekaa ofisini.

Halafu kulikuwa na mzee Getahun, mwenye ua, na dada yake Bafena, waliogombana kila asubuhi juu ya kuku mmoja. Alipougua mzee, Bafena alimchinja yule kuku na kumpikia mchuzi, akimtukana kaka yake toka manyoya ya kwanza hadi kijiko cha mwisho. Siku hiyo niliona wanaume watu wazima, wenye wake waliokuwa wagonjwa nyumbani, wakifuta machozi kwa ajili ya mchuzi wa Bafena.

Ubishi ulihusu Kassa tu. Bi Fantaye, anayeuza vitunguu kando ya meza ya Bi Asnakech, aliwahi kumtetea.

"Mwanamume akirudia redio, bado ana mapenzi," alisema. "Angekuwa hana, si angenunua mpya?"

Bi Asnakech alikuwa ameinua birika. Akakiruka kikombe cha Bi Fantaye, akammiminia aliyefuata.

"Wewe baraka yako kanywe kwa Kassa, dada yangu. Yeye ndiye aliyehamia hotelini."

Bi Asnakech mwenyewe aliwahi kuwa na mume. Aliitwa Ayalew, fundi mawe, na alikwenda kusini kwa kazi ya kiangazi kimoja wakati binti yao Tsige alikuwa bado anatambaa. Kiangazi hicho hakijaisha mpaka leo. Hakuna mtu aliyewahi kumwona Bi Asnakech akimlilia Ayalew. Alimlilia Emebet, tena kwa sauti, na sisi tuliokuwa tukinywa kahawa yake tulisema mwanamke huyu ana moyo mwepesi kwa watu wa televisheni. Akili zetu zilikuwa kali kiasi hicho.

Tsige akakua, akasomea uuguzi, akampenda kijana mpima ardhi aitwaye Biniam, naye Biniam akampenda. Kwetu hilo halitoshi. Lazima washenga waende. Watu wazima wenye heshima hutumwa asubuhi na mapema, husimama mlangoni, hukataa kiti mpaka wasikilizwe, kisha humdhamini kijana kwa maneno mazuri. Mara ya kwanza hawapewi jibu, hupewa siku ya kurudi. Kupewa siku ni dalili njema. Kuondoka bila siku ni kukataliwa, na Tsige hakuwa msichana wa kuolewa huku mama yake ameufunga mlango. Alishamwambia Biniam waziwazi: bila ridhaa ya mama hakuna harusi.

Wakubwa wa upande wa Biniam wakafanya kikao. Wakamchagua kasisi, kwa sababu ya msalaba. Wakamchagua hakimu mstaafu, kwa sababu ya sauti. Kwa mshenga wa tatu wakapata wazo waliloliona ni la ajabu, na kweli lilikuwa la ajabu. Mama wa binti anapenda Ua Moja, na mjomba wa Biniam, Bwana Gizachew wa Addis Ababa, mwalimu mstaafu wa jiografia, ndiye anayeigiza Kassa. Heshima gani ingepita hiyo? Wakamficha Tsige jambo hilo ili liwashangaze wote wawili, yeye na mama yake. Tsige angewazuia kwa neno moja, na ndiyo sababu vikao vya wanaume hupenda zaidi kuwashangaza wanawake kuliko kuwauliza.

Asubuhi ya Jumapili walifika watatu, wamejitanda mashuka mazito meupe, baridi ikiwatoa moshi midomoni. Upande wa binti tulikuwa mimi, kama jirani, na Bwana Lemma, kaka mkubwa wa Bi Asnakech, aliyekuwa msemaji wa nyumba. Bi Asnakech alikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, kama inavyopasa. Kasisi akabariki. Hakimu akaeleza ukoo wa Biniam mpaka kwa babu wa babu. Kisha Bwana Gizachew akakohoa kidogo, akasema kwa ile sauti nzito inayojulikana kila nyumba:

"Nasi tunamdhamini kijana wetu. Akimkosea binti yenu, mniulize mimi."

Pazia likafunguka. Mama wa binti hatoki wakati washenga wanasema. Bi Asnakech alitoka, akasimama mbele ya Bwana Gizachew, akamtazama kuanzia kiatu.

"Kaka," alimwambia Bwana Lemma bila kugeuka, "nani amemleta huyu?"

"Dada, huyu ni Bwana Gizachew, mwalimu, mjomba wa..."

"Namjua. Mapacha wako wapi, Bwana?"

Bwana Gizachew alidhani anasifiwa. Amezoea kusimamishwa njiani na kutukanwa kwa upendo. Akacheka, na kwa bahati mbaya Mungu amempa kicheko kimoja tu, kilekile alichokicheka Kassa akitoka na redio kwapani. Hata kasisi alifumba macho.

"Haya, nendeni salama," Bi Asnakech alisema.

Hakimu aliuliza kwa upole warudi lini. Bi Asnakech alikwisha rudi ndani. Bwana Lemma alinitazama mimi, mimi nikatazama dari, na washenga wakaondoka bila siku.

Kabla ya mchana habari ilikuwa sokoni. Mji ule uliomlilia Bafena na kuku wake ulimcheka Bi Asnakech kwa kutojua tofauti ya televisheni na maisha. Waliomcheka zaidi ni wale waliokuwa wameahidi hadharani kumpiga mawe mwenye hoteli akionekana Debre Birhan.

Ndani, Tsige alikuwa ametoka kuzungumza na Biniam. Alimwambia mama yake kwamba amemwaibisha, kwamba Biniam amelia kwenye simu, kwamba yule ni mwigizaji, ni maneno ya kwenye karatasi.

"Najua ni mwigizaji," Bi Asnakech alijibu. "Unadhani mimi mwehu? Ana mke na watoto wanne na anavuta miguu akipanda ngazi, nimesoma gazetini. Sasa nisikilize. Mimi baba yako aliponiposa walikuja watatu, hivihivi, na mashuka hivihivi. Mkubwa wao alikuwa na sauti nzuri kuliko ya huyu. Alisema, akimkosea, mniulize mimi. Ayalew alipokwenda moja kwa moja nikakubeba mgongoni nikaenda kumwuliza. Nilimsikia ndani anakula. Akamtuma mtu aniambie hayupo."

Bwana Lemma alisema kwamba mzee yule ameshafariki, Mungu amrehemu.

"Amrehemu. Mimi sijamwombea mabaya. Ila leo nimesikia sentensi ileile, kaka, kwa mtu ambaye kazi yake ni kusema alichoandikiwa. Nimwulize nini? Karatasi kaandika nani?"

Nilikuwa nimekuja na hotuba fupi kuhusu madhara ya televisheni kwa akina mama. Niliona ni busara kuipeleka nyumbani.

Bwana Gizachew hakurudi Addis Ababa. Yaliyofuata tumeyapata kwa Bi Fantaye, aliyekuwa kando na hakujifanya hasikii. Siku ya pili mwalimu alikuja sokoni peke yake, bila shuka, bila kasisi. Njiani muuza viazi alimwuliza kama redio inashika vizuri. Alipofika kwenye siagi akamwamkia Bi Asnakech.

Alianza kwa kusema kwamba amesikitika. Bi Asnakech aliendelea kupima siagi. Akasema kwamba Kassa ni kazi tu, inalisha familia. Bi Asnakech akasema anajua, na kwamba ameifanya vizuri sana, hakuna anayebisha. Hapo mwalimu akachoka, akauliza anataka aambiwe nini.

"Ulichonacho. Biniam unamjua?"

Bwana Gizachew alifungua mdomo kujibu kwa sauti ile nzito. Akaufunga. Bi Fantaye anaapa kwamba jibu lilipokuja lilikuwa la sauti ya mtu mwingine, nyembamba, ya mwalimu aliyeulizwa swali na mwanafunzi.

"Simjui. Namwona harusini na matangani. Waliniita, nikavaa shuka, nikasema."

"Ahsante," alisema Bi Asnakech. "Na anayemjua ni nani?"

"Aliyemlea. Bibi yake, Workinesh. Alikuwa akifanya kazi kiwanda cha mablanketi."

"Kwa nini hakuja yeye?"

Bwana Gizachew akasema, kwa unyoofu wa kutosha kumharibia sifa katika ukoo wake, kwamba hakuna aliyelifikiria.

Kutoka hapo mambo yalipata njia, ingawa si bila kasisi kunung'unika kwamba mwanamke hatumwi ushenga. Bi Asnakech alimtumia salamu kwamba yeye amemkaribisha ajuza mmoja nyumbani kwake, na kama kasisi na hakimu watapenda kumsindikiza, baraka za kasisi hazikataliwi. Wakaja. Bi Workinesh alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, na alisimama mlangoni akishikilia fremu kwa sababu ya magoti. Hakujua maneno ya washenga, na hakimu alipojaribu kumnong'oneza alimsukuma kwa kiwiko.

"Mjukuu wangu ni mvivu wa kuamka," alisema. "Akikasirika hununa, hasemi, siku mbili hasemi, mpaka umpigie sufuria sikioni. Hajawahi kuniibia. Nilipovunjika mguu aliacha kazi kule mbali akaja. Hilo ndilo ninalolijua."

Bi Asnakech, ambaye safari hii hakujisumbua kukaa nyuma ya pazia, alimwuliza: akimwacha mwanangu?

"Akimwacha mwanao hana mlango kwangu. Na mwanao atakuwa na mlango. Nina vyumba viwili. Chumba chake kipo, na mtoto akiwapo, na mtoto."

"Wengi husema hivyo, mama."

"Basi njoo ukione."

Nilitazamia Bi Asnakech atasema hakuna haja. Ndivyo watu wenye adabu wanavyosema, na ndivyo alivyosema mama yake mwenyewe zamani, alipoambiwa mniulize mimi. Yeye aliuliza ni wapi. Kesho yake aliiacha meza ya siagi kwa Bi Fantaye, akapanda kilima kilicho nyuma ya kiwanda cha mablanketi, anakoishi Bi Workinesh, Tsige nyuma yake, mimi na Bwana Lemma nyuma ya Tsige tukijifanya tuna shughuli upande huo.

Chumba kilikuwa kidogo, cha udongo, kimepakwa chokaa. Kulikuwa na kitanda cha mbao na mablanketi mawili ya kiwandani, na dirisha linalofunguka kwenye shamba la shayiri. Bi Asnakech alisukuma dirisha, likafunguka. Akalivuta, likafunga. Akageuza godoro akatazama chini yake. Bi Workinesh alisimama pembeni bila kukasirika hata kidogo, kama mtu anayeuza kitu kizima. Bwana Lemma aliona aibu akaenda kuangalia shayiri.

Kisha Bi Asnakech akakaa kitandani kwa uzito wake wote, ambao si haba, akatulia hapo. Mbao hazikulia.

"Kitanda kizuri," alimwambia Tsige. "Mungu akipenda hutakilalia. Mwambie Biniam walete watu wao Jumamosi, wachukue jibu."