Neno Lenye Tulimukatalia Mama Bilonda

Mi Abibu sikutaka kufundishwa na Mama Bilonda. Naendesha lori tangu Zaïre haijaitwa Zaïre, halafu muuza bukari, ule ugali wetu, anifundishe kusema? Lakini reli ya Angola ilifungwa na vita, shaba ya Kolwezi ikaanza kupita kwa malori Zambia, kwenye banasema Kiingereza, na shefu wa kazi akatangaza: dereva mwenye hajui Kiingereza atatoka kazini. Nilikuwa na batoto saba. Niliogopa, sitaficha.

Bilonda alizaliwa Kitwe, Zambia, baba yake alichimba shaba kule. Alitufundishia pale parkingi ya malori, mwiko mukononi. Alipenda maneno yenye tunachanganya. Sisi kuazima ni kuazima tu. Ye alisema ukichukua ni borrow, ukitoa ni lend. Rafiki yangu Kisimba, dereva kama mi, aliomba kuazima chumvi kwa Kiingereza mara kumi mupaka akalisema sawasawa.

Na kila siku, kabla ya kupakuliwa bukari, mutu aseme: "I don't understand. Please say it again." Yaani sikuelewa, tafazali rudilia. Hapo tulimukatalia. Kwetu mukubwa akisema, unaitika ndiyo hata kama haukusikia. Kumurudilisha maneno ni kumukosea heshima.

"Tata Abibu, kuuliza si ujinga," alisema. "Hiyo heshima yako itakulaza njaa."

"Mama, mi si mutoto wa masomo."

"Basi na bukari yangu si ya batoto. Sema."

Nikasema kwa hasira, nikakula.

Siku ya mtihani wa Kiingereza niliondoka bila kukula. Shefu, mugeni wa Ulaya, alimuuliza Kisimba kwa Kiingereza, mbio-mbio. Kisimba akainamisha kichwa: yes, sir. Yes, sir. Shefu akarudilia kwa Kifaransa, tusikie sote: alikuwa anamuuliza kama anakunywaka pombe njiani. Akamuambia arudi mwezi ujao.

Zamu yangu sikuelewa kitu. Shingo ilitaka kuinama yenyewe, nikaikaza. "I don't understand, sir. Please say it again." Nikangoja kufukuzwa. Shefu akaweka kalamu chini, akarudilia kwa Kiingereza, polepole: lori likiharibika njiani, nitafanya nini? Hilo nalijua toka zamani. Nikajibu, akaandika jina langu kati ya benye kubaki kazini.

Nilirudi parkingi mbio. Bilonda akaniuliza kitu kwa Kiingereza cha haraka, na mi, mupumbavu, nikaitikia kwa kichwa. Akasimamisha mwiko, akaniangalia.

"Please say it again, mwalimu," nikasema. Sikuwahi kumuita vile.

"Have you eaten?" akarudilia, taratibu. Alikuwa anauliza kama nimekula.

"Bado, mwalimu," nikajibu, na machozi yakanitoka mbele ya badereva bote.