Kadi za Mama Kesho

Usimuulize fundi huyu gauni lako litakuwa tayari lini. Jibu unalo: kesho. Mikono yake ni ya dhahabu, lakini ahadi zake, we acha tu! Mtaa mzima ukambandika jina la Mama Kesho. Yeye hataki hata kulisikia. Liite mbele yake uone, atakukazia macho mpaka ukumbuke una safari nyingine.

Basi jengo alilopanga likauzwa, wapangaji wakaambiwa wahame. Chumba kipya akakipata, lakini wapi! Nyuma ya maghala, kona juu ya kona, njia yenyewe haina jina. Kumwelekeza mtu huko ni kumpoteza. Simu yake nayo watu walishachoka kupiga, maana jibu wanalijua. Akaanza kuhofia: wateja wakikuta kufuli, si ndiyo basi tena?

Wifi yake, dada wa mumewe, akamtengenezea tovuti yenye ramani na picha za mishono yake. Anwani akaiweka "mamakesho", nukta, na viherufi vya mwisho.

"Wifi, umeniua! Mpaka kwenye mtandao unanianika?"

"Kwani nani anakujua kwa jina lingine? Hata kaka yangu akikutafuta anamuulizia Mama Kesho."

Fundi akanuna, akaenda kwa mpiga chapa kuagiza kadi kwa akili yake mwenyewe. Juu, kwa herufi nene: Nyumba ya Mitindo Maridadi. Kushoto waridi, kulia waridi. Anwani ikasukumwa ukingoni, herufi kama sisimizi, imepigiwa mstari uliokata miguu ya herufi, na ile "http" ya mwanzo, pamoja na nukta na vijiti vyake, yote imo. Alipohama, akamwachia muuza dawa wa jirani rundo zima la kadi awagawie watu.

Siku zikapita, chumba kipya kimya. Alipokwenda kuuliza, muuza dawa akamrudishia rundo lake.

"Chukua, dada yangu. Watu wanamtaka Mama Kesho. Nikiwapa hii wanadhani nampigia debe mtu mwingine. Yule mteja wako, mwalimu mstaafu, ndiye usiseme! Anatangaza umetoroka na gauni lake."

Lo! Hilo lilimchoma. Kuitwa mchelewaji alishazoea, lakini mwizi? Machozi yakamlenga. Akaenda moja kwa moja kwa mpiga chapa, wifi yake akimfuata nyuma, amebana kicheko.

"Andika hilohilo jina," akasema. "Kubwa!"

Mpiga chapa akafuta waridi, akafuta mstari, vile vijiti akavifyeka. Anwani akaiweka katikati, mstari mmoja, na nafasi ya kutosha juu na chini. "Anwani mtu aisome hata akiwa anatembea," akasema.

"Nizifuate lini?"

"Njoo kesho, mama."

Wifi akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akakalia bunda la karatasi. Fundi naye ikabidi acheke.

Kadi zilipogawiwa, wa kwanza kubisha hodi alikuwa yule mwalimu, jasho likimtoka, kadi mkononi.

"Ulijificha, lakini nimekuona! Haya niambie, kesho ya lini?"

Fundi akaweka mkasi chini. Akainuka, akatungua gauni ukutani. Limekwisha, limepigwa pasi, vifungo vyote vipo.

"Leo, mwalimu."

Mwalimu akalitazama gauni, akamtazama fundi, kisha akaomba kiti.