Kambale Wanane Bondeni

Harufu ya majani ya mikaratusi baada ya mvua hunirudisha Butembo, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, kwenye Jumamosi ile tuliposhuka bondeni. Nilikuwa na miaka tisa. Vita ilikuwa ikizunguka, leo upande wa Beni, kesho upande wa Kirumba, na sisi watoto tulikatazwa hata kwenda kuteka maji peke yetu. Basi mzee wa kanisa letu alipotangaza kwamba familia zote zitatembea kwa miguu hadi mtoni, na chakula, na nyimbo, nilirukaruka hadi Mama akanikemea.

Njia yenyewe ilikuwa nyepesi, hata mabibi waliiweza: mteremko wa taratibu kati ya mashamba ya maharage, kisha kijito cha kuvuka kwa kukanyaga mawe. Mama alinipa kazi moja tu, kumshika mkono mdogo wangu Kambale, wa miaka minne. Mkono wenyewe ulinata kwa ndizi. Nikauachia kidogo niokote marakuja, yale matunda ya pasheni, yaliyoanguka. Mbele nikasikia Mama akiita, "Kambale!" na sauti ndogo ikajibu, "Niko!" Roho ikatulia, nikaendelea kuyajaza kwenye pindo la gauni.

Ninyi mnaotujua sisi Wanande mmeshaanza kucheka. Kwetu majina hufuata zamu ya kuzaliwa, na mvulana wa pili ni Kambale, karibu kila nyumba. Siku ile walikuwa Kambale wanane. Mtoni mzee akaita majina, alipofika Kambale wakaitika wengi kwa pamoja, hakuna aliyehesabu, tukaketi kula. Mama akageuka kumpa Kambale wake kiazi, akakuta uso wa mtoto wa jirani.

"Mais Masika," akaniambia polepole, akianza na ile "lakini" ya Kifaransa tuliyoizoea, "mukono ya mutoto banaachaka?"

Aliuliza tu kama mkono wa mtoto huachiwa; hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniogopesha. Nyimbo zikakatika. Tukapanda tena mlima mbio, marakuja yakidondoka nyuma yangu, nami nikimwahidi Mungu kwamba sitamfinya Kambale tena maisha yangu yote.

Kwenye kona tukakutana na mama mmoja mkulima, jembe begani, Kambale wetu mgongoni, mdomo wa mtoto umejaa hindi la kuchoma.

"Mutoto wa nani huyu?" akauliza. "Namuuliza jina, anasema Kambale. Miye najua ba-Kambale ngapi!"

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mama naye alicheka, kisha akaketi palepale kwenye matope, akalia. Mimi nilijisikia mwepesi mno, nikamfuta Kambale kamasi kwa gauni langu la kanisani.

Jumamosi iliyofuata tulishuka tena, na nyingine tena. Sasa mzee aliita kila mtoto pamoja na mama yake: "Kambale wa Mama Masika!" Tuliona ni mchezo, tukashindana kuitika.

Asubuhi moja risasi zilifika mtaani kwetu. Hakuna aliyeuliza njia. Tulishuka kimya, kila mmoja na mkono wake wa kushika, na mtoni mzee akaita kwa kunong'ona. Tulikuwepo wote.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba wakubwa hawakuwa wakitupeleka kutembea. Walikuwa wakitufundisha kukimbia, bila kututia hofu. Ndiyo maana Mama alilia kwenye matope: mtoto wake alikuwa amepotea siku ambayo hakukuwa na risasi hata moja.