Mpishi wa shule na faili la nyimbo la binti yake

Saa kumi alfajiri, kabla birika halijatiwa maji, sauti ndogo inatoka nyuma ya mlango wa bafu. Brrrrr. Brrrrr. Ni midomo inayotetemeshwa, inapanda taratibu, inashuka taratibu, kama mtu anayemchezesha mtoto kwa kuiga gari.

Marcy Hietala amesimama ukumbini, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Anasikiliza.

"Anaamsha koo," ananong'ona, huku akionyesha dari kwa kile kiatu. "Jirani wa juu ana mtoto mchanga, ndiyo maana analiamsha polepole hivyo."

Aliye bafuni ni Linnea, mwanawe wa pekee, mwenye umri wa miaka kumi na saba. Baba yake anaishi mbali, Arizona, na hupiga simu siku za sikukuu. Kwa hiyo nyumba hii ya vyumba viwili hapa Ashtabula, Ohio, mji wa kando ya ziwa, ni ya mama na binti, na mwaka mzima uliopita imekuwa na jambo moja tu: Linnea anataka kusomea tamthilia za nyimbo chuoni, aimbe, acheze na kuigiza, na iwe ndiyo kazi yake.

Vyuo vinavyofundisha hayo huchukua wachache mno. Kile ambacho Linnea alikitaka kuliko vyote kilipokea maombi zaidi ya elfu moja, kwa nafasi kumi na nane.

"Mimi sijui kuimba hata wimbo wa kuzaliwa," anasema Marcy. "Nikianza, watu huzima mishumaa haraka."

Saa kumi na moja kasorobo yuko kazini, jikoni kwa shule ya msingi. Ni Aprili, lakini upepo wa ziwani bado unaleta theluji mlangoni. Anawasha majiko, anabandika masufuria mawili makubwa ya makaroni. Watoto mia tatu na arobaini watakula hapa mchana.

Juu ya meza yake zimetundikwa karatasi za mapishi, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki unaong'aa. Miaka kumi na tisa amefanya kazi humu, na ndivyo alivyojifunza kutunza kitu cha thamani.

"Mvuke unakula karatasi," anaeleza. "Ukiipenda, itie plastiki."

"Muulizeni plastiki zilimfanya nini Chicago!" anapaza sauti Roxanne, mpishi mwenzake, kutoka upande wa masinki.

"Roxanne, nyamaza, maharage yako yanaungua."

"Yaungue. Hadithi ni tamu kuliko maharage."

Wanacheka wote wawili. Lakini Roxanne huyu huyu ndiye aliyemshikia Marcy zamu siku tatu za usaili wa Linnea huko Chicago, akakataa kulipwa. Siku ya safari, Marcy alikuta kadi ya kununulia petroli ndani ya mfuko wa aproni yake. Mpaka leo hakuna aliyekiri kuiweka. Kwa mshahara wa dola kumi na sita kwa saa, na maombi na safari vikigharimu zaidi ya dola elfu mbili, kadi ile haikuwa jambo dogo.

Kazi ilianza Septemba, kwa video za mchujo. Kila chuo kilitaka kumwona msichana akiimba vipande viwili, akisema maneno ya mhusika na kucheza, kabla ya kuamua kama kimwite ana kwa ana. Walirekodi hapa hapa, katika ukumbi wa chakula, baada ya shule kufungwa. Kitambaa cha meza cha bluu kilikuwa ukuta. Simu ilisimama juu ya mnara wa trei.

Tatizo lilikuwa friji kubwa la maziwa. Lilinguruma ndani ya kila wimbo.

"Nikalichomoa," anasema Marcy. "Lakini niliogopa kulisahau, maziwa ya watoto yote yakaharibika. Basi nikatia funguo za gari ndani ya friji. Bila kulifungua, siendi nyumbani. Na nikilifungua, taa haiwaki, nakumbuka."

Vyuo kumi na vinne vilitumiwa video. Vinane vilikataa. Sita vilimwita Linnea aje Chicago mwezi Februari, ambako vyuo vingi hukodi vyumba vya hoteli na kusikiliza vijana kutwa kucha.

Kila Alhamisi jioni, mama na binti walikwenda kwa Bibi Aune Pelto, aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa kwa miaka hamsini na sasa ana themanini na tatu. Yeye ndiye aliyemfundisha Linnea tangu akiwa na miaka tisa, bila kutaka hata senti. Malipo yake yalikuwa mkate wa iliki anaouoka Marcy.

Vidole vya Bibi Aune bado vina nguvu, lakini bega la kulia limekuwa gumu, hawezi tena kugeuza kurasa kwa wakati. Kwa hiyo Marcy alikaa ubavuni pake, akawa mgeuzaji. Hajui kusoma noti hata moja.

"Nilikuwa namtazama kidevu," anasema. "Akikishusha, nageuza."

Bibi Aune alipiga kutoka vitabu vyake vya zamani. Faili la Linnea, lenye nyimbo zake zote zikiwa zimefupishwa na kuwekwa alama, lilikaa kwenye begi likisubiri wapiga piano wa vyuo huko Chicago. Marcy alilitengeneza mwenyewe, usiku mbili. Kila ukurasa aliutia kwenye plastiki mpya, inayong'aa kama maji.

Walisafiri kwa gari muda wa saa saba. Asubuhi ya kwanza, korido ya ghorofa ya tatu ya ile hoteli ilijaa vijana wenye viatu vya kuchezea, kila mmoja akitetemesha midomo yake. Brrrrr ile ya bafuni, mara mia.

"Nilidhani ni mwanangu peke yake duniani," anasema Marcy. "Kumbe ni ukoo mzima."

Linnea aliingia chumba cha kwanza. Baada ya dakika nne alitoka, uso umelowa.

"Mpiga piano alipotea, mama. Amesema haoni noti, anaona taa tu."

"Kwa nini asione?"

"Plastiki. Zinarudisha mwanga wa taa ya darini."

Marcy anasimulia hapa huku akikoroga jibini, mwiko unazidi kwenda polepole. "Hakuniuliza nani aliziweka. Alijua. Alinishika kiwiko tu, kama vile mimi ndiye niliyetoka kuimba."

Chuo kile cha ndoto kilikuwa kinamngoja baada ya dakika arobaini na tano.

Marcy alikaa chini kwenye zulia na kusema kwa sauti kwamba yeye ni mjinga, kwamba miaka minane ya Bibi Aune imeishia kwenye mifuko ya dola nne. Mwanamume mmoja mrefu mwenye kofia, aliyekuwa ameketi karibu, akageuka.

"Dada, ujinga tutaujadili baadaye. Lete hilo faili."

Alikuwa Odell Guidry, kinyozi kutoka Louisiana, amemleta mwanawe Terrence. Akafungua pochi ya ngozi na kutoa mkasi wake wa kazi.

"Mimi kukata ninajua. Nani ana selotepu?"

Mama mmoja alikuwa nayo, ya kubandika namba kifuani mwa binti yake. Baba mmoja aliyevaa suti alipiga magoti akaanza kuchomoa karatasi. Mwanamke anayesafisha vyumba vya hoteli alisimamisha toroli lake, akaenda mapokezi, akarudi na mashine ya kutoboa karatasi, kisha akabaki kuzishika zilizotobolewa zisiruke. Terrence, ambaye alikuwa anawania nafasi zile zile kumi na nane, aliwaonyesha namna ya kubandika kurasa mgongo kwa mgongo ili mpiga piano asigeuze mara nyingi.

"Bandikeni vizuri, msinipindie noti," Odell aliwaamuru, "mtoto wa watu asije akaimba kama mbuzi!"

"We baba, kata kimya kimya!" akajibu mama wa selotepu.

"Walikuwa wapinzani wetu," anasema Marcy. "Watoto wao wangefaidika faili letu likibaki vile. Hakuna hata mmoja aliyeonekana kuliwaza hilo."

Dakika mbili kabla ya muda, faili lilikuwa tayari. Linnea akaingia.

Marcy alikaa sakafuni, mgongo ukutani, kando ya mlango. Piano ikaanza. Kisha ikaja sauti ya binti yake, na Marcy anasema hakuitambua. Miaka kumi na saba ameisikia ikiomba maziwa, ikilia, ikigomba, ikitetemeka bafuni. Kupitia ubao wa mlango ule ilikuja nzima, kubwa, haina haraka, kama kitu kilichokuwepo kabla yao wote wawili.

Midomo yote koridoni ikaacha kutetemeka. Odell akavua kofia.

"Halafu mkono wangu wa kulia ukageuka wenyewe," anasema Marcy. "Hapa, pajani. Wimbo ulikuwa umefika pale Bibi Aune anaposhusha kidevu. Bibi Aune yuko Ohio, mimi simwoni mtu, na mkono unajua. Ndani nikasikia karatasi ikigeuzwa wakati ule ule. Nikalia, sijui nilie kwa lipi."

Majibu yalikuja Machi. Chuo cha ndoto kilisema hapana. Wiki hiyo hiyo Odell akapiga simu, akisitasita, kusema Terrence amepata pale pale.

"Nilipiga kelele ya furaha, Roxanne akadhani nimeungua," anasema Marcy. "Kisha nikaenda stoo nikalia kidogo. Vyote viwili vilikuwa kweli."

Hapana nyingine nne zikafuata. Likabaki jibu moja tu, la chumba cha kwanza, cha plastiki, ambacho mama na binti walikuwa wameacha hata kukitaja.

Barua ilifika siku ya mvua. Linnea alichukuliwa, na sehemu kubwa ya ada ikafutwa. Chini, kwa mkono, mkuu wa idara alikuwa ameandika kwamba mpiga piano wao alipopotea, wasailiwa wengi wangemkunjia uso. Msichana huyu alimgeukia, akamwambia, "Pole, ni kosa letu, pumzika tu," akaimba peke yake mpaka mwisho. Aliandika kwamba wanaweza kufundisha kuimba, lakini lile hawajui kulifundisha.

Linnea hakuwa amemsimulia mama yake habari ya maneno yale. "Niliona ni ya kawaida," anasema msichana, akishangaa wanavyomtazama.

Agosti ataondoka, mwendo wa saa nne kwa gari, jimbo la jirani. Marcy ameshaomba ruhusa ya Novemba, onyesho la kwanza la wanafunzi wapya. Roxanne naye anataka kwenda. Odell ameahidi kumnyoa bure dereva yeyote atakayewafikisha.

Leo ni Alhamisi. Jioni, Linnea anaimba wimbo mmoja kwa Bibi Aune, anambusu shavuni, anatangulia kwenda kuwasha gari. Marcy anakusanya kurasa. Bibi Aune anaupapasa mkate wa iliki uliofungwa kwa kitambaa.

"Mwaka ujao hatakuwepo," anasema bibi.

"Ndiyo, bibi."

"Nimekuwa nikikutazama. Siku hizi unageuza kabla sijashusha kidevu." Anagonga kibao kimoja cha piano kwa kidole. "Hii ni noti ya do. Kesho utakuwa umeisahau, si kitu. Njoo Alhamisi, Marcy, nikuonyeshe tena."